Imamu Ghazali na Hiari ya Mwanadamu

Katika nchi zetu mtu apatwapo na msiba huambiwa na majirani kwamba ndivyo alivyoandikiwa. Maneno hayo yakisemwa kwa subira, baada ya mtu kufanya yote yaliyokuwa katika uwezo wake, ni maneno ya mcha Mungu. Lakini maneno hayo hayo husemwa na mlevi aulizwapo habari ya ulevi wake, na mvivu aulizwapo habari ya shamba lake, na mwenye kuacha sala aulizwapo habari ya sala. Kila mmoja huutua mzigo wake mwenyewe na kuutwika mgongoni mwa majaliwa.

Basi wale wanaochunguza dini hutuuliza, na ni haki yao kuuliza: Ikiwa Mwenyezi Mungu anajua yote na anaweza yote, mwanadamu ana hiari gani? Na kama hana hiari, ataulizwaje Siku ya Kiyama? Tena liko swali la pili, ambalo watu wengi hawalitamki ingawa huwauma zaidi: Mimi nimekwisha ijua haki, mbona siwezi kuifuata?

Maswali haya yameandikiwa vitabu vingi. Lakini yuko mtu mmoja aliyeyajibu kwa kalamu yake, na kabla ya hapo akawa ameyajibu kwa maisha yake. Huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye sisi Waahmadiyya twamhesabu kuwa mujaddid, yaani mtengenezaji wa dini, wa karne ya tano ya Hijra.

Utoto na masomo

Ghazali alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, karibu na mahali ulipo leo mji wa Mashhad katika Iran. Mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kuwa 450 wa Hijra, sawa na 1058. Wasimulizi wa maisha yake husema kwamba baba yake alikuwa mtu maskini aliyesokota sufu, asiyejua kuandika, lakini aliyependa mno kukaa na wanavyuoni na kuwasikiliza. Alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja wa Kisufi, pamoja na fedha kidogo alizokuwa nazo, akimwomba awasomeshe mpaka fedha hizo ziishe.

Fedha zikaisha. Yule rafiki, naye akiwa maskini, aliwashauri vijana hao waingie madrasa, maana huko wanafunzi walipewa chakula. Hivyo mwanavyuoni mkubwa kabisa wa zama zake aliingia katika elimu kwa kutafuta riziki. Msomaji na alishike neno hili, kwani Ghazali mwenyewe hakulisahau maisha yake yote.

Alisoma Tus, kisha akasafiri mpaka Jurjan. Alipokuwa akirudi, wanyang'anyi waliushambulia msafara na kuchukua vitu vyote, pamoja na mfuko uliokuwa na maandishi ya masomo yake. Kijana huyo akawafuata nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie karatasi zile, kwa kuwa ndizo elimu yake aliyoihama nyumba yake kwa ajili yake. Mnyang'anyi alicheka. Alishangaa iweje mtu adai kuwa na elimu, na kumbe elimu hiyo ikichukuliwa mfukoni yeye hubaki hajui kitu. Kisha akampa mfuko wake.

Hapa twaona jambo la kwanza juu ya hiari. Ghazali hakuchagua kuvamiwa na wanyang'anyi, wala hakuchagua dhihaka ile. Lakini lilibaki jambo moja mkononi mwake, nalo ni namna ya kuipokea. Angeweza kuichukua kama matusi ya mtu mwovu na kuyasahau. Yeye aliichukua kama onyo lililotoka kwa Mwenyezi Mungu kupitia kinywa cha mwizi. Akarudi Tus, na kwa muda wa miaka mitatu akahifadhi kwa moyo yote aliyokuwa ameyaandika, ili asije tena akanyang'anywa elimu yake.

Baadaye alikwenda Nishapur kwa mwalimu mashuhuri, Imamu Al-Juwayni, aliyeitwa Imamul Haramain. Akasoma kwake sharia, elimu ya itikadi na mantiki mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 1085.

Ugomvi wa siku nyingi

Yafaa tueleze hapa ugomvi ambao Ghazali aliukuta. Waislamu walikuwa wamekwisha bishana juu ya hiari kwa zaidi ya miaka 300. Kundi moja liliitwa Jabriya, na miongoni mwa wakubwa wao alikuwa Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 746. Hao walisema kwamba mwanadamu hana tendo lake mwenyewe. Akisemwa kuwa ametenda ni kama mti usemwavyo kuwa umetikisika, na kumbe umetikiswa na upepo. Kundi la pili, Mu'tazila, walisema kwamba mwanadamu ndiye mwenye kuumba matendo yake, kwani hawakuweza kukubali kwamba Mungu aliye Mwadilifu amwadhibu mtu kwa tendo ambalo si lake.

Kila kundi lilikuwa limeshika upande mmoja wa haki. La kwanza liliogopa kumpa Mungu mshirika katika uumbaji, na la pili liliogopa kumsingizia Mungu dhuluma. Katikati yao alisimama Imamu Abul Hasan Al-Ash'ari, aliyefariki yapata mwaka 935. Yeye alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwumbaji wa kila kitu, hata wa tendo la mtu, lakini mtu hulichuma tendo hilo kwa nia yake, na kwa chumo hilo huulizwa. Hii ndiyo itikadi aliyolelewa nayo Ghazali. Kwa miaka mingi aliijua kama mwanafunzi anavyojua somo lake. Siku ilikuwa inakuja ambapo ingemlazimu kuijua kwa njia nyingine.

Kilele cha sifa

Baada ya kufa mwalimu wake, Ghazali alikwenda katika kambi ya Nizamul Mulk, waziri mkuu wa wafalme wa Kiseljuki, mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola ile baada ya Sultani. Huko wanavyuoni walishindana kwa hoja mbele ya waziri, na Ghazali akawashinda. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, alipewa kiti cha mwalimu mkuu katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Katika zama zile hapakuwa na cheo cha ualimu kikubwa kuliko hicho.

Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Alipokuwa akifundisha mchana alipata saa chache za faragha akasoma falsafa bila mwalimu, na katika muda wa miaka mitatu hivi aliijua kiasi cha kuandika kitabu cha kuieleza na kitabu kingine cha kuikosoa, kiitwacho Tahafutul Falasifa. Mawaziri walimheshimu, na fatwa zake zilitafutwa.

Lakini katika miaka hiyo hiyo aliona jinsi ukubwa wa dunia unavyoanguka. Mwaka 1092 Nizamul Mulk, mlinzi wake, aliuawa kwa kisu. Haukupita muda mrefu Sultani Malik Shah naye akafa, na jamaa zake wakaanza kupigania ufalme. Mwaka 1094 akafa Khalifa Al-Muqtadi. Mwenye kutazama kwa macho alikuwa na mengi ya kuzingatia.

Miezi sita ya vita

Ghazali alikuwa amesoma vitabu vya Masufi, akatambua kwamba mambo yao makubwa hayapatikani kwa kusoma bali kwa kuyaonja. Kujua maana ya afya si sawa na kuwa mzima, na tabibu mgonjwa anaweza kuijua sana maana ya afya. Ndipo alipoigeukia nafsi yake na kuipima. Alitazama kazi yake bora kuliko zote, nayo ni kufundisha, akaona kwamba nia yake humo haikuwa safi kwa ajili ya Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa ni kutafuta jina na cheo. Akajiona kama mtu asimamaye ukingoni mwa poromoko la mchanga.

Sasa msomaji aangalie vizuri. Huyu hakuwa mtu asiyejua. Aliijua haki kuliko watu wote wa mji ule, na aliweza kuithibitisha kwa hoja ambazo hapakuwa na mtu wa kuzivunja. Alijua kwamba imempasa kuondoka, kuacha cheo, na kuitengeneza roho yake. Hata hivyo hakuweza. Siku moja aliazimia kuondoka Baghdad, na siku ya pili azimio likayeyuka. Asubuhi tamaa ya Akhera ilimjaa, na jioni jeshi la matamanio likaja likaiteka ngome. Nafsi ilimwambia kwamba hali hii ni ya kupita tu. Kwamba akikiacha cheo hiki kilichotulia, kisicho na mshindani, huenda kesho akakitamani na asikipate tena.

Mambo yakaendelea hivyo karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijra, yaani Julai 1095. Mwisho jambo likatoka katika mpaka wa hiari na kuingia katika mpaka wa dharura. Ulimi wake ulifungika. Alijitahidi afundishe hata siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi wake, lakini ulimi haukutamka neno. Kisha huzuni ikashuka mpaka tumboni; chakula hakikupita wala maji hayakushuka, na mwili ukadhoofika. Matabibu wakakata tamaa. Walisema kwamba ugonjwa huu umeanza moyoni na kutoka huko umeenea mwilini, na hauna dawa mpaka moyo upate faraja.

Hapo mwalimu wa elimu ya itikadi, aliyekuwa amefundisha mamia ya watu habari za uwezo wa Mungu na chumo la mwanadamu, alijikuta hana uwezo hata kidogo. Alipotambua udhaifu wake, na hiari yake ikawa imeanguka kabisa, alimkimbilia Mwenyezi Mungu kama anavyokimbilia mtu aliyebanwa asiye na hila. Na Yule ambaye Kurani Tukufu yatufundisha kwamba humjibu mwenye dhiki amwombapo (27:63) alimjibu. Ghazali anasimulia kwamba baada ya dua hiyo moyo wake ulipata wepesi wa kuacha cheo, mali, watoto na marafiki.

Akaondoka Baghdad katika Mfunguo Pili, mwezi wa Novemba 1095. Aligawa mali yake, akabakiza kadiri ya kuwatosha watoto wake. Nduguye Ahmad alishika mahali pake chuoni. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, na moyoni alikusudia Sham, kwa kuogopa kwamba Khalifa na marafiki wangemzuia. Watu wa Iraq walishangaa sana. Wengine walidhani kwamba anawakimbia watawala. Wengine walisema ni jicho baya lililowapata Waislamu. Ilikuwa vigumu kwao kuamini kwamba mtu aweza kukiacha kiti kama kile kwa sababu ya dini peke yake.

Njia ya upweke

Katika Dameski aliishi karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu mchana kutwa. Kutoka huko alikwenda Yerusalemu, akakaa katika Kuba la Mwamba. Kisha akaenda Hebron, na penye kaburi la Nabii Ibrahimu (amani iwe juu yake) aliweka ahadi tatu: kutokwenda tena kwa mtawala, kutopokea fedha za mtawala, na kutobishana na watu kwa ajili ya kushinda. Tena akahiji Makka na kuzuru Madina. Mwisho mapenzi ya watoto wake yalimvuta nyumbani, naye akarudi Tus, akiendelea na upweke wake kadiri alivyoweza.

Katika miaka hiyo aliandika kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumiddin, maana yake Kuhuisha Elimu za Dini, chenye vitabu 40 ndani yake vilivyopangwa katika robo nne. Humo ndimo alimoeleza jinsi moyo unavyochagua. Na mtu akiisoma sehemu hiyo huku akiikumbuka miezi sita ya Baghdad, ataona kwamba Imamu aliandika aliyoyapitia.

Hatua nne za moyo

Ghazali aliufananisha moyo na birika ambalo maji huingia kwa mifereji mingi. Mifereji mingine hutoka nje, nayo ni macho, masikio na hisi nyingine. Mingine hutoka ndani, nayo ni mawazo, matamanio na hasira. Kila kinachoingia huacha athari. Na tendo la mtu, kabla ya kuonekana kwenye viungo, hupita katika hatua nne.

Ya kwanza ni wazo lijalo ghafula. Alitoa mfano wa mtu apitaye njiani, akajiwa na wazo kwamba nyuma yake yuko mwanamke, na kama akigeuka atamwona. Ya pili ni mvuto: tabia ya mwili huamka na kutamani kugeuka. Ya tatu ni hukumu ya moyo, kwamba jambo hili na lifanywe, maana hakuna haya wala hofu ya kulizuia. Ya nne ni azimio: mtu hukata shauri na kukusudia.

Basi mtu huulizwa juu ya hatua ipi? Imamu alijibu kwamba juu ya wazo la kwanza haulizwi, kwa kuwa halikuja kwa hiari yake. Juu ya mvuto pia haulizwi, kwa kuwa nao haumo katika uwezo wake, na Mtume wetu Mtukufu (s.a.w.) ametubashiria kwamba minong'ono ya nafsi imesamehewa maadamu mtu hajaitamka wala kuitenda. Hukumu ya moyo ina pande mbili: iliyo ya hiari huulizwa, na isiyo ya hiari haiulizwi. Lakini azimio ni la mtu mwenyewe. Akiliacha kwa kumwogopa Mungu huandikiwa jema. Akiliacha kwa sababu tu amezuiwa na kikwazo, nia yake yabaki juu yake.

Ndugu msomaji, jambo hili ni rehema kubwa kwa watu wengi wanaoteseka bure. Wako waongofu wapya waliotuambia kwamba wangali wakijiwa na mawazo ya maisha yao ya zamani, na kwamba labda Islamu yao si ya kweli. Wajibiwe kwamba ndege kupita juu ya paa si kosa la mwenye nyumba. Kosa ni kumfungulia dirisha na kumjengea kiota.

Hata sayansi ya zama hizi imeligusa jambo hili. Mwaka 1983 Benjamin Libet, mtaalamu wa ubongo katika Marekani, alitangaza matokeo ya majaribio ambayo watu waliambiwa wakunje kifundo cha mkono au vidole wakati wowote wapendao, huku umeme wa ubongo wao ukipimwa. Ikaonekana kwamba ubongo ulianza kujiandaa kiasi cha theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kutambua kwamba anataka kufanya hivyo. Wengine wakaharakisha kusema kwamba hiari ni ndoto tu. Libet mwenyewe hakusema hivyo. Alisema kwamba hata kama msukumo huanza bila sisi kujua, ungali umebaki muda mfupi ambamo mtu aweza kuuzuia. Wataalamu wangali wakibishana juu ya maana ya majaribio hayo. Lakini msomaji wa Ghazali hashtuki kusikia kwamba msukumo hutangulia. Yeye amekwisha fundishwa kwamba mtu haulizwi kwa mgeni aliyebisha hodi, bali kwa kumkaribisha.

Hiari na heri

Katika kitabu cha Tawhidi na Tawakkali, Imamu aliingia ndani zaidi. Alisema kwamba harakati za mwanadamu ni za namna tatu. Akisimama juu ya maji atazama, na kuzama huko ni kwa uzito wa mwili tu. Sindano ikiletwa karibu na jicho lake kope hufumba, na hawezi kuizuia hata akitaka. Lakini kuandika na kusema ni namna ya tatu, nayo ndiyo iitwayo hiari. Humo akili husita na kupima, haijui bado lipi ni bora. Na itakapoona wazi kwamba hili ni heri, ndipo nia huinuka na mkono ukafuata.

Neno hiari latoka katika shina moja la Kiarabu na neno heri. Imamu aliutumia udugu huo wa maneno kuonyesha kwamba kuchagua ni kuinuka kwa nia kuelekea kile kinachoonwa na akili kuwa heri. Basi mtu huchagua kadiri anavyoona. Aliyezoea kuitazama dunia peke yake, akili yake itamwonyesha dunia kuwa ndiyo heri, na nia yake itaifuata kama kope inavyofuata sindano. Aliyezoea kumkumbuka Mungu, hali yake itakuwa nyingine. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vizuri saa ya mtihani haimfai kungoja saa hiyo. Inampasa aitengeneze mifereji ya birika tangu sasa: anachokitazama, anachokisikiliza, na wale anaokaa nao.

Tena alitoa mfano wa sisimizi atembeaye juu ya karatasi. Aona ncha ya kalamu ikiitia karatasi weusi, akadhani kalamu ndiyo mwandishi, kwa kuwa jicho lake dogo haliufikii mkono, wala mwenye mkono. Ndivyo alivyo mtu aonaye sababu za karibu asimwone Mwenyezi Mungu aliye nyuma ya sababu zote.

Lakini Ghazali hakumruhusu mtu kuufanya mfano huo kitanda cha uvivu. Alisema kwamba mwenye njaa aliyewekewa chakula, asinyoshe mkono akidai kwamba anamtegemea Mungu, huyo hana tawakkali; huo ni wazimu. Vivyo hivyo asiyepanda mbegu akangoja mavuno, na asiyeoa akangoja mtoto. Mungu aliyekadiria shibe ndiye aliyeikadiria mkono na tonge kuwa njia yake.

Ni kweli kwamba katika itikadi ya Ash'ari Imamu alifika mahali ambapo wengi huona mzigo mzito, aliposema kwamba mtu amelazimishwa kuwa mwenye kuchagua. Ufafanuzi mwepesi zaidi tumeupata kwa Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (amani iwe juu yake). Katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, ambayo baadaye ilikuwa kitabu cha Falsafa ya Mafundisho ya Islamu, alieleza kwamba hali za maumbile za mtu, kama upole, hasira na huruma, haziwi tabia njema mpaka zitumiwe kwa akili na mahali pake. Mbuzi ni mpole, lakini hasifiwi kwa upole wake. Na akaonyesha kutoka katika Kurani Tukufu daraja tatu za nafsi: iamrishayo maovu (12:54), ijilaumuyo (75:3), na iliyotulia (89:28). Ghazali wa miezi ile sita alikuwa katika vita vya daraja ya pili. Wala vita hivyo si dalili ya kwamba hiari imekufa. Nafsi isiyo na hiari haijilaumu. Naye Khalifa wa Pili wa Masihi, katika hotuba yake juu ya Kadari ya Mungu ya mwaka 1919, alieleza kwamba kadari ya Mwenyezi Mungu haiondoi juhudi ya mtu. Mungu ameweka kanuni, na ndani ya kanuni hizo ametuachia uwanja wa kutenda. Ndiyo maana Kurani Tukufu yasema kwamba mtu ameonyeshwa njia, ama awe mwenye kushukuru ama mwenye kukufuru (76:4), na kwamba Mungu haibadili hali ya watu mpaka wao wabadili yaliyo nafsini mwao (13:12).

Kitendo kile kile, nia nyingine

Mwaka 1106, karibu miaka 11 tangu alipoondoka Baghdad, Ghazali aliombwa na Fakhrul Mulk, mwana wa Nizamul Mulk, afundishe tena, safari hii katika chuo cha Nishapur. Karne ya sita ya Hijra ilikuwa yakaribia kuanza. Alisitasita. Aliipima nafsi yake, akaona kwamba sasa hamu ya kubaki faraghani imechanganyika na kupenda raha na kuogopa maudhi ya watu. Akatafuta shauri kwa watu wa Mungu, na baadaye akakubali.

Wenye kutazama kwa nje wangesema kwamba amerudi pale pale alipotoka: kiti, wanafunzi na vitabu. Yeye mwenyewe alisema kwamba, ingawa amerudi kwenye kufundisha, hajarudi. Zamani alifundisha elimu ambayo kwayo cheo hupatikana, na sasa alifundisha elimu ambayo kwayo cheo huachwa. Kitendo ni kile kile, na aliyekitenda alikuwa mtu mwingine. Aliyeingia madrasa kwa ajili ya chakula, akapanda kwa ajili ya jina, sasa alifundisha kwa ajili ya Mungu.

Baadaye alirudi Tus, akakaa na wanafunzi wachache, akijishughulisha na Kurani na Hadithi. Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 14 ya mwezi wa Jamadul Akhir, yaani Mfunguo Tisa, mwaka 505, sawa na tarehe 18 Desemba 1111. Nduguye Ahmad alisimulia kwamba alfajiri ile alitawadha, akasali, akaomba aletewe sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akatamka kwamba anakwenda kwa Mfalme wake kwa kusikia na kutii. Kisha akainyosha miguu yake, akaelekea Kibla, na jua halijachomoza akafariki. Hata mauti, ambayo hakuna mtu anayepewa hiari nayo, yeye aliyapokea kwa hiari yake.

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha ijua haki. Umesoma, umelinganisha, umeomba, na moyo wako umeshuhudia. Lakini unaogopa maneno ya jamaa, au kazi, au jina ulilolijenga kwa miaka mingi, nawe wasema: ngoja kwanza. Usidhani kwamba kusita kwako kumethibitisha kwamba hukuandikiwa uongofu. Alisita mtu aliyekuwa mkubwa kuliko mimi na wewe, miezi sita, hata akapoteza ulimi wake. Fanya alivyofanya. Toa hatua ile ndogo iliyo katika uwezo wako leo, na ile iliyokushinda ipeleke kwa Mwenyezi Mungu usiku, kama mtu asiye na mlango mwingine. Hiari aliyokupa yatosha kwa kubisha hodi, na kufungua ni Kwake.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuiona heri, moyo wa kuichagua, na nguvu ya kuifuata mpaka mwisho. Amin.